Jirani Amepandisha Ghorofa na Sasa Anaona Mpaka Jikoni: Uongee Naye, Uende Kaunti, Ama Ujisitiri Mwenyewe?

Sa hii huku kwetu mijengo imeshika kasi. Ukitembea Migosi ama Mamboleo hapa Kisumu, ukienda Kiamunyi na Lanet upande wa Nakuru, ama Amalemba kule Kakamega, utapata ile ploti ya 50 kwa 100 iliyokuwa na nyumba moja ya chini na mwembe hapo mbele, leo mwenyewe ameamua kupandisha ghorofa, ama amejenga nyumba za kupangisha huko nyuma, ama ametoboa balkoni upande wako, ama ameng'oa ua wa kayaba akaweka ukuta na kamera juu yake. Ni mali yake na ana haki ya kuiendeleza. Lakini wewe wa upande wa pili ulizoea kuanika nguo ukiwa na leso tu, mtoto anaogeshwa kwa karai hapo nje, mama anayenyonyesha anakaa kwa veranda jioni akipata upepo, halafu siku moja unainua macho unapata dirisha jipya liko juu ya kichwa chako na mtu amesimama hapo na kikombe cha chai. Inauma, na wale wanaosema "si ufunge pazia tu" hawajawahi kukaa Kisumu mwezi wa pili na madirisha yamefungwa.

Wengi wakifika hapo wanauliza nimshtaki wapi. Mimi naona cha kuuliza kwanza ni ujenzi umefika wapi, juu kila njia ina wakati wake. Kabla lenta, ile zege inayopita juu ya madirisha, haijafungwa maneno mazuri yanaweza kuhamisha dirisha zima bila mtu kuumia mfukoni. Baada ya plasta na rangi hata barua ya wakili inaweza kushindwa kulihamisha. Kwa hivyo nimezipanga njia hizi mbili mbili, moja kando ya nyingine, uangalie yenye inakufaa.

Kuongea mwenyewe, ama kupitia mzee wa mtaa na chifu

Kuongea mwenyewe ndio njia pekee ya bure ambayo inaweza kubadilisha nyumba yenyewe, hizo zingine nyingi zinabadilisha tu vile unaishi nayo. Lakini watu wanaiharibu kwa sababu wanaenda na hasira, wanasimama kwa saiti mbele ya mafundi, wanaanza "wewe unajenga nini hapa?" Hapo mwenye nyumba hata kama alikuwa mpole lazima ajitetee mbele ya watu anaowalipa. Nenda jioni, nyumbani kwake, usalimie, umpe hongera, na kama ni mtu mzima umheshimu vile anastahili, kwa Mjaluo umwite jaduong', yaani mzee. Kitu kama, "Jaduong', hongera kwa kazi, tunaona Mungu amewafungulia. Nilikuwa naomba tuangalie pamoja hili dirisha la upande wangu, likikaa hivi litaangalia bafu yetu moja kwa moja na niko na wasichana wakubwa." Hakuna mzee mwenye familia ambaye hataelewa hiyo. Sisi watu wa huku, awe Mjaluo, awe Mluhya, mambo ya heshima kati ya wakwe na kati ya wakubwa na wadogo tunayajua tangu utotoni, na ukiieleza shida kwa lugha ya heshima ya familia inaingia haraka kuliko lugha ya haki na sheria.

Halafu uende na ombi ambalo fundi anaweza kulifanya. "Usijenge" sio ombi. Omba vitu kama hivi: dirisha la upande wako lipandishwe, kizingiti chake cha chini kikae karibu futi 6 kutoka sakafuni, hapo mwanga na hewa vinaingia lakini mtu akisimama haoni chini. Ama kioo cha chini kiwe kile cha ukungu kisichopitisha sura, na cha juu ndio kifunguke. Ama ngazi, stoo na choo zihamie upande wako, na sebule iangalie barabara. Kama ni balkoni, upande mmoja ujengwe ukuta mzima ama bloki zenye matundu, abaki na mbele wazi. Wakati ukuta bado uko kwa kiuno haya yote ni kazi ndogo ya fundi na mawe kidogo. Kukishapigwa plasta ni kubomoa, na mtu hakubali kubomoa kirahisi.

Tatizo moja ambalo naliona sana Nakuru na Kisumu ni kwamba mwenye nyumba mwenyewe hayuko, yuko Nairobi ama Marekani, na kwa saiti unakuta fomeni. Usibishane na fomeni. Yeye anafuata plani aliyopewa na hana ruhusa ya kuhamisha hata tofali. Mwombe namba ya mwenyewe, mtumie picha uliyopiga ukiwa umesimama kwako ukiangalia juu, na nyingine kutoka juu kuelekea kwako kama fomeni atakuruhusu kupanda. Hiyo picha ya pili inafanya kazi kubwa, kwa sababu wengi wanaojenga hawajawahi kusimama kwa hilo dirisha waone linaangalia wapi. Waliona tu mchoro.

Sasa mzee wa mtaa, wale wa Nyumba Kumi, na chifu. Hawa uwaelewe vizuri. Chifu hawezi kumwamuru mtu azibe dirisha, na hana nguvu ya kusimamisha ujenzi, hata kama wengine wanaongea vile anaweza. Kile ako nacho ni kuita watu wakae chini, na kuandika mlichokubaliana, kila mtu aweke sahihi. Usidharau hiyo karatasi. Katiba yenyewe kwa kifungu cha 159 inatambua upatanishi na njia za kienyeji za kutatua migogoro, na mkifika mbali baadaye hiyo karatasi inaonyesha wewe ulijaribu na ni nini mlikubaliana.

Ukilinganisha hizi mbili, mimi ningeenda mwenyewe kwanza kama tunasalimiana, na ningepitia mzee kama mimi ni kijana na huyo jirani ni rika la baba yangu, ama kama tayari kulikuwa na maneno juu ya taka ama muziki ama mpaka wa ploti. Kuna jambo la kuangalia: ukianza na chifu bila kumwambia jirani chochote, atachukulia umemwaibisha, na barua ya chifu ikifika kwake siku ya kwanza hata dirisha ambalo angelihamisha kwa hiari atalishikilia. Kwa hivyo ata kama unapitia mzee, mwombe mzee aende kama mgeni kabla hajaenda kama hakimu.

Kaunti, ama korti

Hapa ndio watu wanachanganya sana. Kaunti haiulizi kama unaonekana ukipika. Inauliza kama huyo mtu ana idhini ya kujenga na kama anajenga kile alichoidhinishiwa. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019, Physical and Land Use Planning Act, inasema mtu hawezi kuanza maendeleo ndani ya kaunti bila idhini, na akifanya hivyo ni kosa, faini isiyozidi shilingi 500,000 ama kifungo kisichozidi miezi miwili ama vyote viwili. Kuongeza ghorofa na kugeuza nyumba ya familia kuwa flati vinaingia hapo. Kaunti inaweza kutoa notisi ya kumlazimisha asimamishe kazi ama arekebishe. Kwa hivyo kama jirani aliidhinishiwa nyumba ya ghorofa moja na sasa anamwaga slabu ya tatu, kaunti ni njia ya nguvu sana. Kama ana idhini ya kila kitu na plani inaonyesha hilo dirisha kabisa, kaunti itakusikiliza halafu itakwambia pole.

Kabla ya kulalamika angalia mbele ya saiti kama kuna kibao cha mamlaka ya ujenzi, ile NCA, na majina ya mchoraji na kontrakta. Saiti kubwa isiyo na kibao inakuambia kitu. Halafu andika barua kwa ofisi ya mipango ya kaunti, taja namba ya ploti kama unaijua, weka picha zenye tarehe, uliza kama kuna idhini na ni ya ghorofa ngapi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Usiogope kuuliza, juu sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inawapa ofisi za umma siku 21 kujibu ombi lako. Na kama idhini imetolewa majuzi na wewe unaona imekuumiza, kuna kamati ya kaunti ya kusikiza rufaa za mipango, Liaison Committee, na muda wa kukata rufaa ni siku 14 tu tangu uamuzi. Siku 14 ni kidogo sana, ndio maana nasema usingoje uone kama atamaliza.

Njia ya kaunti ina ubaya wake na lazima niuseme. Mwingine anapigia kanjo, wale askari wa kaunti, simu, wanakuja na gari, wanaongea na mwenye saiti kando, wanaenda, na kesho kazi ya ujenzi inaendelea. Barua yenye muhuri ni ngumu kupotea kuliko simu. Ubaya mwingine ni kwamba ukifaulu sana unaweza kumbomolea mtu nyumba aliyoweka akiba ya maisha yake, na ulichotaka wewe ni kioo cha ukungu tu. Kwenye barua sema wazi unachoomba.

Korti sasa. Kesi za namna hii zinaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na iko Kisumu, iko Nakuru, iko Kakamega, hauhitaji kwenda Nairobi. Unaweza kuomba zuio la muda ujenzi usimame mpaka kesi isikilizwe, na majaji huku bado wanatumia kipimo cha kesi ya Giella na Cassman Brown ya 1973: uonyeshe una kesi yenye msingi, uonyeshe utaumia kwa namna ambayo pesa haiwezi kulipia, na wakiwa na shaka wanapima nani ataumia zaidi. Ukienda moja kwa moja bila kupitia ile kamati ya kaunti kwa jambo ambalo ni lake, kuna hatari kubwa kesi itupwe hapo mlangoni, uambiwe urudi ukamalize ngazi za chini kwanza.

Lakini shida kubwa ya korti ni hii. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, kinataja kupekuliwa kwako au nyumba yako, mali kuchukuliwa, habari za familia kufichuliwa bila sababu, na mawasiliano kuingiliwa. Dirisha la jirani halijatajwa. Mwanga na hewa vina sheria yake, nyumba ikifurahia mwanga ama hewa kwa amani miaka 20 bila kukatizwa inaweza kupata haki hiyo kabisa chini ya Limitation of Actions Act. Haki ya kutoangaliwa haina kitu kama hicho. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya wenye flati waliopakana na jumba la sanaa la Tate Modern pale London, ambapo wageni wengi walikuwa wanasimama kwa roshani ya juu wanachungulia ndani ya nyumba zao kila siku na kupiga picha. Wenye flati walishinda, majaji watatu kwa wawili. Lakini mahakama ilieleza kwamba kuonana kwa kawaida kati ya majirani sio kosa, kilichowapa ushindi ni ule utumizi usio wa kawaida wa hiyo roshani. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu ingawa mawakili wanaweza kuitaja, na inakuonyesha mahali mpaka uko. Jirani mwenye dirisha la chumba cha kulala, utasumbuka kumshinda. Jirani aliyegeuza paa kuwa baa ambayo watu wanakaa mpaka usiku wakiangalia kwako, hapo una kitu cha kusimamia.

Kwa pesa hizi mbili hazikaribiani hata kidogo. Kaunti ni nauli, kuprinti na uvumilivu. Korti ni wakili, ada, kuahirishwa, na ukishindwa kawaida unalipa gharama za mwenzako pia. Ningeenda korti kwa mambo mawili tu, jengo linaloendelea bila idhini huku kaunti imekaa kimya baada ya barua zangu, ama matumizi ya jirani yaliyopita kiasi kama hiyo ya paa. Dirisha la kawaida, hapana.

Kamera ni jambo lake

Kamera inachukuliwa kama dirisha na sio hivyo, hapa sheria iko upande wako zaidi. Sheria ya kulinda data ya 2019 inasimamiwa na ofisi ya Kamishna wa Data, wana ofisi Kisumu na Nakuru, na lalamiko likipokelewa sheria inataka lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Hauhitaji wakili. Jirani atajitetea na kifungu cha 51 kinachoruhusu matumizi ya kibinafsi ya nyumbani, na kama kamera inaangalia geti lake na uwanja wake tu ana haki. Ikiwa inachukua mlango wako wa nyuma na kamba ya nguo, ni vigumu kusema hiyo bado ni mambo ya nyumba yake peke yake. Na kama ni landlodi wa flati ama mwenye nyumba za kulala wageni, hiyo ni biashara, utetezi wa nyumbani unamfaa kidogo sana.

Lakini hata hapa anza na maneno, kwa sababu suluhisho liko kwa simu yake. Mashine nyingi za CCTV zina sehemu kwa seting'i ya kuziba kipande cha picha, unachora boksi juu ya uwanja wa jirani na hapo panabaki peusi, kamera inaendelea kulinda ukuta kama kawaida. Mwombe akuonyeshe picha vile inaonekana, pengine inaangalia barabara na umekuwa ukiumia bure. Kama inaangalia kwako, fundi wa kamera anamaliza hiyo kazi mkiwa mmesimama hapo.

Kujisitiri: ukuta, miti, ama kivuli hapo unapokaa

Sasa tuseme nyumba imeisha, rangi imepakwa, wapangaji wameingia. Wengi wanakimbilia kuongeza ukuta, na hapa naomba usome polepole kabla haujanunua mawe.

Mtu akisimama ghorofa ya kwanza macho yake yako kama futi 15 kutoka chini. Tuseme dirisha lake liko futi 10 kutoka kwa ukuta wa mpaka, na ukuta wenu ni futi 7. Ukiwa umeketi, kichwa chako kiko kama futi 4. Piga hesabu ya mstari kutoka macho yake kupitia juu ya ukuta, utapata ukuta unakuficha ukiwa karibu nao tu, chini ya futi 4 kutoka kwa ukuta. Ukikaa futi 15 ndani ya uwanja wako, ukuta ungehitaji kufika karibu futi 11 ndio ukufiche. Na kama anaangalia kutoka ghorofa ya pili, unaenda juu ya futi 16. Hiyo ni nyumba nyingine unajenga, utatakiwa kuwa na idhini yako mwenyewe, na msingi wa ukuta wa zamani haukuchimbwa kwa uzito huo. Upande wa Nyamasaria na uwanda wa Kano huo udongo mweusi wa pamba unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ukuta mrefu juu ya msingi mfupi utakuangukia ama umwangukie mtoto wa huyo jirani.

Sasa linganisha na hii. Badala ya kuziba pale mpakani, ziba karibu na wewe. Kwa vipimo hivyo hivyo, kizuizi kilichosimama futi 3 kutoka kwa kiti chako upande wa jirani kinahitaji kama futi 5 na nusu tu. Weka cha futi 6 na umemaliza kwa mtu aliyeketi. Fremu ya mbao ama mabomba, mianzi iliyopangwa, ama bloki zenye matundu, halafu juu yake ukitaka uweke pagola ya mimea, hapo hata wa ghorofa ya nne anaona majani. Ni bei ya chini sana ukilinganisha na ukuta wa mpaka mzima, na upepo wa ziwa unaendelea kupita. Sijui kwa nini mafundi hawawaambii watu hii, pengine kwa sababu ukuta ndio una kazi kubwa.

Wengine wanatumia neti ya kivuli, ile ya shamba. Ni rahisi na unaiweka siku hiyo hiyo, lakini Kisumu upepo wa alasiri kutoka ziwani ukiishika inavuta kama tanga la mtumbwi na inang'oa nguzo, kwa hivyo nguzo zichimbwe chini sana na neti ifungwe kwa waya katikati pia. Nguzo za mbao na mianzi zipake oili chafu sehemu ya chini, mchwa wa huku hawachagui.

Miti na ua ndio nzuri zaidi kwa macho na ndio inachelewa zaidi. Kayaba ina miiba na hakuna mwizi anapita, lakini inakua polepole na haitafika juu ya dirisha la ghorofa, ni ya kuziba mtu wa chini. Saipres inaenda juu haraka, Nakuru watu wanaipenda, lakini usipoikata kila mara inakuwa msitu, inanyonya maji na chini yake hakuna kitu kinamea. Mianzi inafika juu kweli, na Kakamega na mvua yao inakua vizuri sana, ila chagua ile inayokaa kwa kishada kimoja, usichukue ile inayotambaa chini kwa chini, itatokea ndani kwa jirani na mtaanza kesi nyingine. Ojuok, ule mnyaa wenye utomvu mweupe, tumeikuta kwa maboma ya wazee wetu na inavumilia ukame, lakini utomvu wake ukiingia kwa jicho ni hatari ya kupofusha, mahali watoto wanacheza mimi siiweki. Kwa pagola, matunda ya pasheni yanafunika haraka na unakula, bogainvilea inachukua muda zaidi lakini inakaa miaka mingi.

Kama uko na haraka na unataka pia kitu cha kudumu, weka kizuizi kidogo karibu na kiti sasa, na upande miti mpakani siku hiyo hiyo. Kizuizi kinakusitiri wakati miti inakua.

Madirisha yako: pazia ama stika

Pazia jepesi la neti linafanya kazi mchana kwa sababu nje kuna mwanga zaidi kuliko ndani. Usiku ukiwasha taa inageuka, wewe ndio unaonekana na yeye haonekani. Ile stika ya kioo inayong'aa nje ina tabia hiyo hiyo kabisa, na wauzaji wengi hawakuambii, unalala ukidhani umejificha kumbe uko kwa sinema. Stika ya ukungu inaziba mchana na usiku, ubaya ni kwamba na wewe hauoni nje, na ukifungua dirisha kwa sababu ya joto imekuwa kazi bure. Nakuru usiku kuna baridi, unafunga dirisha, stika ya ukungu kwa bafu na jikoni inatosha. Kisumu dirisha lazima lifunguke, kwa hivyo huku ningeziba nusu ya chini tu kwa ukungu, ifungwe isifunguke, na nusu ya juu ifunguke na neti ya mbu. Chumba cha kulala, pazia zito la usiku nyuma ya lile jepesi.

Ukiwa mpangaji

Wewe kaunti itakusikiliza pia, lakini ukuta na miti sio yako kuamua. Mwandikie landlodi ujumbe wenye picha, mwombe agharamie kizuizi ama gharama yake ipunguzwe kwa kodi yako, na mkubaliane kwa maandishi kabla haujatoa pesa yako. Vitu unavyonunua mwenyewe viwe vya kuhama navyo, fremu ya kusimama, mianzi kwa ndoo kubwa, pazia.

Na wale wanaoishi kwa ploti za Manyatta, Nyalenda ama Rhonda, ambapo bafu ni mabati pande nne na juu ni wazi, jirani akipandisha flati ya ghorofa tatu hiyo bafu imekuwa uwanja wa maonyesho kwa mama zetu na dada zetu. Hii usiingojee barua ya mtu yeyote. Mwambieni keateka, changeni kama landlodi anazunguka, wekeni juu mabati yale ya kupitisha mwanga, yainuliwe kidogo kutoka kwa ukuta ndio mvuke utoke, na huo uwazi uachwe upande ambao hauna ghorofa. Kuongea na mwenye flati, chifu, kaunti, yote hayo yaendelee baadaye huku watu wanaoga wakiwa wamefunikwa.